Sinia la Injinia

Kijiwe cha Gavana kipo ughaibuni, mtaa wa Sparkhill, kwenye barabara ya Stratford, pale mabasi yanapokoroma mpaka vikombe vinagongana kwenye beseni la maji. Ni benchi moja refu la mbao mbele ya duka la viungo na vocha. Upande huu nyama ya halali, upande ule magauni ya harusi yanayometameta mchana kutwa kana kwamba kila siku kuna mtu anaolewa. Mwenye benchi na duka ni Maulid wa Unguja, anayeitwa Gavana kwa sababu ndiye anayeamua nani anastahili kikombe cha pili. Kahawa ni chungu, inachemka kwenye dele la shaba lililopakatwa na jiko lake la makaa, na dele limekaa mwisho wa benchi juu ya sinia lililoinuliwa kwa matofali. Mbele ya matofali kimeegeshwa kibao cha bati: KAHAWA IPO. Kila mtu hapo ana jina la kupewa, na kila mtu ana hakika. Hakika ndiyo bidhaa ya pale. Kahawa ni ya kusindikizia.

Siku hiyo ya Novemba Asmahan alifika mapema, suti ya kazini chini ya koti la baridi, akaketi bila kumtazama mtu. Alikuwa na kikao mjini saa nane mchana, na tangu jana alikuwa akilifanyia mazoezi neno moja mbele ya kioo cha bafuni: imethibitishwa. Kila alipolitamka, uso wa kwenye kioo ulimtazama kama mteja anayeuziwa simu ya bandia.

— Injinia, — Gavana alimwita huku akimpa kikombe, — mbona umevaa kama mtu anayekwenda kuposa?

— Nakwenda kikaoni, Ami.

— Kikao gani cha kununisha mtu hivyo?

— Cha wakaguzi. Wakiridhika leo, kampuni inaanza kujenga.

— Kujenga nini? — aliuliza Muzamil. Huyu ndiye Redio, dereva wa teksi kutoka Temeke, anayemaliza zamu ya usiku na kuja kutangaza kila alichosikia kwa abiria wake.

— Nimewaeleza mara ngapi? Sinia.

Benchi zima likageuka kulitazama sinia lililokuwa chini ya dele.

— Kubwa kuliko hilo, — Asmahan alisema. — La kwenye kinu cha nyuklia.

Hilo la pale benchini nalo lilikuwa kazi yake. Msimu wa baridi uliopita kaa moja lilidondoka kutoka kwenye jiko la dele likatoboa benchi, na Baldev, mwenye magauni ya harusi na mwenye jengo, akaapa kwamba tundu la pili litaondoka na benchi lote. Asmahan akachukua sinia pana la biriani, akatandaza mchanga, juu ya mchanga akapanga vigae, kisha akaliinua juu ya matofali ili hewa ipite chini yake. Tangu siku hiyo likaitwa Sinia la Injinia, na Gavana hulisifia mbele ya kila mgeni kana kwamba amelizaa yeye.

— Haya, tueleze tena, — Redio alisema. — Maana jana nimempakia jamaa mmoja msomi, kaniambia vinu havilipuki siku hizi.

— Hatuzungumzii kulipuka. Tunazungumzia kuyeyuka. Fueli ya nyuklia ni kama makaa yasiyokubali kuzimika. Hata ukikizima kinu, yenyewe inaendelea kutoa joto. Maji ya kuipoza yakikatika, inayeyuka, inachanganyika na chuma, inakuwa uji mzito. Uji unatoboa sufuria ya chuma, unadondoka sakafuni, na sakafu ya zege unaila.

— Unaila? — Gavana alishika tama.

— Unaila. Basi kazi yangu ni hapo chini. Uji ukidondoka, uangukie kwenye sinia pana, utandae, uwe mwembamba, kama unavyomtandazia mtoto uji kwenye sahani upoe. Na chini ya sinia kuna mifereji, maji yanapita humo yakichukua joto. Hivyo tu.

— Hivyo tu, anasema! — Redio alicheka. — Kama anaeleza kupika chai.

Kikohozi kilisikika mwisho wa benchi. Kilikuwa cha Félicien, anayefanya kazi kwenye bohari moja kule Aston na ambaye kijiweni ni Balozi, kwa kuwa hakuna jambo duniani ambalo hakulizungumza kwa niaba ya Kongo yote.

— Mi nasema muko na kosa kubwa, — Balozi alianza. — Urani ya kwanza ilitoka wapi? Kwetu Katanga. Shinkolobwe. Banaitoa bila kuuliza mutu, leo inabashinda, banatafuta sinia! Mutie udongo ya kichuguu, ya kwetu. Ile uji itafika chini, itasikia harufu ya kwabo, itatulia. Voilà.

— Mgodi huo ulifungwa zamani, Balozi. Ya siku hizi inatoka kwingine.

— Banafunga mulango tu. Undugu habafungi.

— Wewe na undugu wako, — Redio alimkatiza. — Sinia la nini? Acheni itoboe! Chimbeni shimo lenu, linyooke, ipite moja kwa moja mpaka itokee upande wa pili wa dunia.

— Upande wa pili kuna watu, Redio.

— Basi sinia liwekwe huko huko.

— Nyote hamuujui moto, — Gavana alisema, na aliposema hivyo alinyanyua koleo kama fimbo ya hakimu. — Moto naujua mie. Halwa! Halwa ikitoka jikoni inakaa na moto wake kutwa nzima, na hujapata kuona halwa iliyotoboa sahani. Lijazeni sinia halwa. Uji ukidondoka unanata, na ukishanata ndiyo basi.

— Halwa kiasi gani, Ami?

— Kiasi cha kutosha.

— Na nani ataikoroga?

— Wapo watu wa Wete, ndiyo kazi yao.

— Haya, sikilizeni ya mwisho, — Redio alisimama kabisa. — Kinu chote kitiwe magurudumu. Lori kubwa. Kikianza kuyeyuka, dereva anaingia, anawasha, maili sabini kwa saa, moja kwa moja baharini. Kimekwisha.

— Kwa barabara ya M6? — Asmahan aliuliza. — Jioni?

Redio aliketi. Foleni ya M6 alikuwa anaijua vizuri kuliko mtu yeyote pale, na kulikuwa na mambo ambayo hata yeye hakuweza kuyadanganyia.

Walicheka, na Asmahan naye alicheka kidogo, kisha simu ikatetemeka mfukoni mwake na kicheko kikamwishia mdomoni. Ulikuwa ujumbe kutoka kwa Vipul, mkuu wake wa kazi. Vipul hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu mwenye tarehe za kutimiza. *Wakiuliza mifereji, imethibitishwa. Usirefushe.*

— Mwanangu, — Gavana alisema, sauti imeshuka, — kuna nini?

Hakuwa na nia ya kueleza. Lakini kijiweni mtu huwa haanzi kueleza. Hujikuta tu katikati ya maelezo.

— Ile mifereji ya chini ya sinia. Tumeijaribu ikiwa wazi yote. Ikafanya kazi, safi kabisa. Jaribio la pili lilikuwa la mfereji mmoja uliozibwa. Hilo wakalifuta. Muda hakuna, wakasema, na mifereji haiwezi kuzibwa, maana hakuna kitu cha kuiziba, ni mitupu. Leo wanataka nisimame niseme imethibitishwa.

— Si useme, — Redio alisema.

— Haijathibitishwa.

— Ndiyo, lakini useme. Neno lenyewe zuri, refu, linajaza mdomo. Ukilisema hakuna atakayekuuliza tena.

— Na usiposema? — Gavana aliuliza.

— Kazi itacheleweshwa. Na mikataba inapangwa upya Januari. Kazi ndiyo iliyobeba viza yangu, Ami. Kazi ikianguka, viza inaanguka nayo.

Hapo hata Balozi aliweka kikombe chini. Neno viza halina utani kwenye benchi lile. Kila aliyekalia mbao zile amewahi kulilia au kulizwa nalo.

— Sema tu, mwanangu, — Gavana alisema mwishowe, kwa huruma kweli. — Hao wakaguzi nao wana nyumba za kwenda. Sema, urudi, unywe kahawa.

— Sema, — Redio alisema.

— Hata bakubwa ya serikali banasemaka, — Balozi alisema.

Asmahan aliwatazama mmoja mmoja. Walikuwa wanampenda, na hilo ndilo lililomuudhi zaidi. Tangu asubuhi walikuwa wamejenga kinu cha nyuklia kwa halwa, kichuguu na magurudumu ya lori, na hakuna hata mmoja aliyesema sijui. Akawaza: na kule mjini watakuwa wamevaa suti tu, lakini benchi ni lile lile.

Wakati huo basi lilisimama, na akashuka mwanamke mwenye mkoba mkubwa mgongoni, sare ya wahudumu wa wazee ikichungulia chini ya koti. Alikisoma kile kibao cha bati, akakisoma tena, akaja.

— Habari zenu. Hii kahawa ni ya kuuzwa ama ni ya wenyewe?

— Ya wenyewe ndiyo hiyo ya kuuzwa! — Gavana aliruka kumpisha. — Karibu, bibie. Kaa. Umetoka wapi?

— Stechford. Lakini kwetu ni Kisii. Naitwa Zilpah. Niko hapa mwezi wa kwanza tu, na leo ndiyo nimeona Kiswahili kwa bati.

Gavana akamimina. Dele lilitoa mkondo mwembamba, likakoroma, likatoa matone, likanyamaza. Kikombe cha mgeni kilijaa nusu.

— Hiyo ndiyo ya mwisho, — alisema, — lakini umeketi pahala pake. Unaliona hilo sinia? Hilo si sinia. Hicho ni chombo cha usalama cha kitaalamu. Huyu binti yetu ni injinia wa nyuklia, anatengeneza vitu vya kudaka moto vinu vikiyeyuka, na sie ndio alitutengenezea cha kwanza. Jiko hili likipinduka sasa hivi, moto wote utadakwa hapo, na benchi halitapata hata joto.

Zilpah alikunywa, akakunja uso kwa uchungu wa kahawa, akainama kulitazama sinia kwa makini.

— Pole, mimi sijui mambo ya nyuklia, — alisema. — Lakini hii kitu mshawahi kuijaribu?

Basi jingine lilipita. Vikombe viligongana kwenye beseni.

— Kujaribu vipi? — Gavana aliuliza.

— Kumwaga hiyo moto ndani, muone.

— Halijadondoka hata kaa moja tangu tuliweke!

— Sasa mnajuaje inashika?

Gavana alipangusa ukingo wa sinia kwa kitambaa. Redio alimgeukia Asmahan. Balozi alitazama upande wa magauni ya harusi. Asmahan alihisi damu ikimpanda, na hakuweza kusema kama ilikuwa aibu au furaha. Aliweka kikombe chini, akavua koti.

— Ami, kahawa imekwisha?

— Imekwisha, lakini...

— Basi jiko halina kazi. Ondoa dele. Tunamwaga.

— Tunamwaga nini?

— Makaa. Yote.

— Wewe umepagawa? — Gavana alilikumbatia dele kama mtoto anayetaka kuibwa. — Baldev yuko ndani pale! Akiona moshi tumekwisha! Sinia lina heshima yake mtaani, utalitia fedheha mbele ya mgeni!

— Kama linashika, litashika. Kama halishiki, unataka ulijue leo tuko watano tumesimama hapa, au siku umeingia msikitini?

— Linashika! Wewe mwenyewe ulisema linashika!

— Nilisema. Sikuwahi kuona.

— Mi naunga mukono injinia, — Balozi alisema, akisogea mbali na sinia.

— Ningekuwa mimi, — Zilpah alisema taratibu, — ningetaka kuona.

Gavana aliwatazama wote kwa zamu, kisha akaliinua dele kutoka kwenye jiko kwa uchungu wa mtu anayetoa talaka. Asmahan akachukua koleo, akalishika jiko kwa kitambaa kinene, akalipindua. Makaa yakamwagika juu ya vigae, mekundu, akayatandaza kwa ncha ya koleo mpaka sinia likawa na uso mmoja wa moto. Kigae kimoja kililia ta! na kupasuka. Wote wakaruka nyuma.

Kigae kilipasuka lakini hakikuachia. Walisubiri. Redio alianza kutangaza kama yuko uwanjani, makaa yanashambulia, mchanga unazuia, makaa tena, na mchanga umesimama imara. Gavana aligusa benchi kando ya matofali kwa kidole, akangoja, akagusa tena.

— Baridi, — alisema. — Baridi kama uso wa Baldev! Nilisema mie!

— Imethibitishwa! — Redio akapaza sauti, akampigia Asmahan makofi. — Umeona? Nenda kawaambie. Imethibitishwa!

Asmahan aliinamia sinia. Alikuwa akinusa.

— Kuna harufu, — alisema.

— Ya makaa.

— Tamu.

— Mi nasikia sukari, — Balozi alisema. — Kama karanga na sukari.

Gavana alibadilika uso. Mkono wake ulikwenda wenyewe upande wa kibao cha bati, ukasita, ukarudi.

Kutoka chini ya kibao ukatoka uzi wa kahawia, unang'aa, unakuja polepole bila haraka yoyote. Ukafika kwenye ubao wa benchi, ukatandaa, ukakuta tundu lile la mwaka jana, ukazama humo. Nyuma yake ukaja mwingine mnene zaidi, ukielekea kwenye koti la Balozi alilokuwa ameliacha pale. Moshi ukachungulia juu ya KAHAWA IPO.

— Ami, — Asmahan alisema. — Umeweka nini chini ya sinia?

— Sijaweka kitu cha kuungua!

— Umeweka nini?

— Kashata!

Redio alinyakua chupa ya maji.

— Usimwage! — Asmahan alimpigia kelele. — Sukari iliyoyeyuka ukiitia maji inaruka, itakuunguza uso! Ondokeni!

Zilpah alikuwa ameshalivuta koti la Balozi. Asmahan alikipiga kibao kwa koleo, kikaanguka, na ndani ya nafasi ile, kutoka tofali hadi tofali, ilikuwepo katoni iliyosheheni kashata za njugu, kila moja kwenye karatasi yake, zile za juu zimeshakuwa uji na karatasi zake zinafuka. Aliidaka katoni kwa koleo, akaivuta mpaka ikadondoka kwenye lami, na Zilpah akaichotea mchanga kutoka kwenye ndoo iliyowekwa mlangoni kuzuia utelezi wa barafu, akaifunika mara moja, mara mbili, mpaka moshi ukakoma.

Asmahan aliliweka koleo chini. Kisha Gavana, kwa sauti ndogo:

— Hizo zilikuwa za harusi ya Ijumaa.

— Nilikuambia chini pawe patupu, — Asmahan alisema.

— Palikuwa patupu! Ndiyo maana nikaweka! — Sasa alikuwa amekasirika, na hasira ilimrudishia ugavana wake. — Nchi hii ina baridi, mwanangu! Kashata inakuwa jiwe, watu wanavunja meno, wananilalamikia mie! Na pale chini pana joto zuri la bure, panakaa tu bila kazi! Tangu mwezi wa tatu naziweka pale, hazijapata kuyeyuka hata moja!

— Kwa sababu makaa hayakuwahi kumwagika.

— Sasa nitajuaje kama yatamwagika?

— Ulisema hujaweka kitu cha kuungua! — Redio alimzomea.

— Kashata ni chakula! Chakula hakiungui, kinaiva!

Zilpah aliinama akashika tumbo kwa kucheka, na kicheko chake kikawavuta wengine wote, mpaka Gavana mwenyewe akajifuta macho kwa kofia. Asmahan pekee ndiye hakucheka. Alikuwa amechuchumaa mbele ya matofali, anatazama pale mahali patupu. Tangu Machi. Alipita hapo kila wiki, akanywa kahawa, akasifiwa, na hakuwahi hata siku moja kukisogeza kibao. Kwa nini akisogeze? Palikuwa patupu. Yeye mwenyewe ndiye aliyepachora patupu.

Simu ilitetemeka tena. Safari hii aliipokea, akaongea Kiingereza cha polepole, kila neno limekanyagwa.

— Vipul. Nitasema kwamba mfereji uliozibwa hatujaujaribu.

Sauti ya upande wa pili ilivuta pumzi. — Asmahan, tumeshalimaliza hili. Hakuna kitakachoziba ile mifereji. Hakuna kitu mle.

— Leo hakuna.

— Unamaanisha nini?

— Watu watakaokiendesha kile kinu, Vipul, kwa miaka sitini. Utawakataza wasiweke kitu, watakubali, na siku moja mtu mwema kabisa atapaona mahali patupu penye joto, na atakuwa na sababu nzuri. Naja na mfano. Bado una moto.

— Mfano wa nini? Sikiliza, unajua Januari...

— Naijua Januari. Viza ni yangu, tarehe zake nalala nazo. Ukitaka mtu wa kusema imethibitishwa, simama useme wewe. Mimi nitakuwa nimeketi karibu yako, na wakiniuliza, nitajibu.

Alikata. Akaitia simu kwenye mfuko wa suti.

— Kasema nini? — Gavana aliuliza.

— Hajasema.

— Watakufukuza, mwanangu.

— Huenda.

— Wakikufukuza mi nitaandika kwa ubalozi, — Balozi alisema.

— Ubalozi gani? Wewe hata pasi yako imekwisha muda.

— Ndiyo maana bananikumbuka vizuri.

Zilpah alikuwa anapangusa benchi kwa karatasi, akikwangua sukari kwa ukucha. Aliuliza bila kuinua kichwa, kama mtu anayeulizia basi:

— Hao wakaguzi wote. Mbona hawajauliza hivyo wao wenyewe?

Redio alijiandaa kujibu. Alisafisha koo, akanyoosha kidole, akamtazama Balozi. Balozi akamtazama Gavana. Gavana akaliinamisha dele juu ya kikombe, kwa mazoea tu, na halikutoa kitu. Ilikuwa mara ya kwanza, tangu benchi lile liwekwe, swali kupita kutoka mwanzo hadi mwisho bila kupata mtu wa kulidanganyia.

Asmahan alifukua mchanga juu ya ile katoni. Kashata zilikuwa zimeganda pamoja na karatasi na mchanga na kipande cha katoni, gae moja zito jeusi lenye njugu ndani yake. Aliligusa, akangoja, akaliviringisha kwenye karatasi ya foili ya dukani kwa Gavana.

— Hilo nalo unakwenda nalo?

— Hili ndilo nitakalowasomea wakaguzi.

— Nikupeleke? — Redio aliuliza. — Bure.

— Nitapanda basi. Nahitaji kimya.

— Na sinia? — Gavana aliita, akionyesha makaa yaliyokuwa bado yanawaka juu ya vigae. — Tufanye nini nalo?

— Liache lipoe. Na chini pawe patupu!

— Patupu, wallahi! Naapa!

Alipanda ghorofa ya juu ya basi, akaketi kiti cha mbele, lile gae pajani likimtia joto kupitia karatasi na suti. Taa nyekundu ililisimamisha basi mita chache tu kutoka kijiweni, na kutoka juu aliliona benchi lote. Gavana ameingia dukani. Redio anatangaza kitu kwa mikono. Na Balozi, aliyekuwa anapuliza viganja vyake kwa baridi, alitazama kushoto, akatazama kulia, akavua glavu zake, akainama, na kuzisukuma taratibu ndani ya ile nafasi chini ya sinia.

Asmahan alinyanyuka kwenye kiti, akapiga kioo kwa kiganja. Hakuna aliyesikia.

Lakini Zilpah aliona. Aliinama, akazitoa glavu moja baada ya nyingine, akamtupia Balozi kifuani. Kisha akakaa papo hapo mwisho wa benchi, akainyoosha miguu mbele ya matofali, akafunga mikono, na uso wake ukasema wazi kwamba haendi popote.

Taa ikawa kijani. Asmahan aliketi, akalishika gae lake kwa mikono miwili, na basi likaelekea mjini.